Mwizi wa saa au mjinga?



Wale mliokuwepo kwenye pilau ya kufunga muhula mnakumbuka kwamba usiku ule niliitwa majina mawili. Upande mmoja wa meza niliambiwa mimi ni mwizi, upande wa pili nikaambiwa ni mjinga. Cha ajabu, pande zote mbili zilikuwa zinazungumzia kitu kimoja: kijiprogramu ninachokitumia kubonyeza kibodi badala ya vidole vyangu. Muziki ulikuwa juu, kila mtu anaongea na mdomo umejaa, sikupata nafasi ya kujieleza. Mhariri akaniambia, kaka, si uandike. Basi naandika.

Kwanza nieleze chenyewe ni nini, maana kuna waliochangia kwa nguvu sana bila kukijua. Kinaitwa AutoHotkey. Ni cha bure, cha Windows peke yake, na kazi yake ni kubonyeza vitufe na kusogeza kipanya kwa niaba yako. Unafungua faili la maandishi ya kawaida, hata Notepad inatosha, unaandika mlolongo wa vitendo: kopi hiki, hamia dirisha lile, bonyeza Tab mara mbili, pesti, ngoja nusu sekunde, bonyeza Enter. Unalihifadhi faili kwa jina linaloishia na .ahk, unaliwasha, na toka hapo ukibonyeza kitufe ulichokichagua kompyuta inafanya mlolongo wote yenyewe. Programu inayopokea haijui kama ni vidole vyako au la. Yenyewe inaona herufi zinaingia tu.

Si uchawi wala si kitu kipya. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuja na kifaa chake cha kurekodi vitufe, Windows 95 ikaja bila hicho kifaa. Mwaka 1999 Jonathan Bennett akaanza programu ya AutoIt kwa kazi ya namna hiyohiyo, na mwaka 2003 Chris Mallett akaitoa AutoHotkey. Toleo la 2 lilitoka rasmi Desemba 2022, na hapo niwaonye wanaotaka kujaribu: ukichukua mfano wa zamani wa toleo la kwanza ukaupesti kwenye toleo la pili, mara nyingi unagoma, kwa sababu namna ya kuandika imebadilika. Mimi nilipoteza Jumapili nzima kabla sijaligundua hilo.

Matumizi madogo kabisa ni haya. Ukiandika mstari mmoja:

::udsm::Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

basi kila ukiandika udsm na kubonyeza nafasi, jina lote linatokea. Kwa sisi tunaoandika tasnifu zenye majina marefu ya vyuo, wizara na kemikali, mstari huo peke yake umeshalipa gharama ya kujifunza. Hapo hakuna aliyeniita mwizi. Ugomvi ulianzia mbele zaidi.

Mimi nilikifahamu kijiprogramu hiki maabara. Tuna mashine ya kupima uimara wa vyuma, ya zamani kidogo, na programu yake inatoa matokeo ya jaribio moja moja. Unafungua jaribio, unachagua menyu, unachagua aina ya faili, unaandika jina, unahifadhi, unafunga, unafungua linalofuata. Nilikuwa na majaribio 480. Nilifanya 30 kwa mkono, kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuuma, nikasema hapana, haiwezekani mtu asafiri kutoka Morogoro mpaka Uingereza kuja kubonyeza menyu. Yale 450 yaliyobaki yalitoka usiku mmoja, mimi nimelala. Asubuhi mafaili yote yalikuwepo, yamepangwa kwa namba. Furaha niliyoipata siku ile sijui niilinganishe na nini. Labda ile siku umeme unarudi mpira ukiwa bado haujaisha.

Sasa kazini.

Mnajua wenyewe masharti ya viza ya mwanafunzi: saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, basi. Wengine wanafanya usafi, wengine wanakaa na wazee, wengine wanabeba boksi kweli kweli. Mimi mwaka 2023 nilipata kazi ya jioni ofisini, kwenye kampuni inayosambaza vipuri, saa 16 kwa wiki kwa kiwango cha chini cha kisheria, ambacho kuanzia Aprili mwaka ule kilikuwa pauni 10.42 kwa saa. Piga hesabu: pauni 166 na senti zake kwa wiki. Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua orodha ya bidhaa kwenye Excel na kuziingiza moja moja kwenye programu ya stoo. Ile programu ya stoo ilikuwa ya enzi zake, haina mlango wa kupokea faili zima. Kila mstari lazima uandikwe.

Namba ya kipuri, Tab, idadi, Tab, Tab, tarehe, namba ya rafu, Enter, subiri skrini itulie, anza tena. Nilihesabu mibonyezo kama 40 kwa mstari. Mtu mzoefu alikuwa anamaliza mistari 300 kwa shifti ya saa nne, yaani mibonyezo 12,000 kwa jioni moja. Tulikuwa watatu. Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja wa Mombasa, mtu mzima, anasoma uhasibu huku analipia ada watoto wawili nyumbani. Wote tulimwita Mama, hata wale Wapolandi wa stoo. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ukibonyeza Enter kabla skrini haijatulia, programu inameza mstari bila kukuambia kitu. Ndiye aliyenionyesha kwamba namba zinazoanza na sifuri Excel inazikata hiyo sifuri. Mambo hayo hayakuandikwa mahali popote. Yalikuwa kichwani mwake.

Wiki ya tatu nikaja na skripti yangu kwenye flashi. Sikumwomba mtu ruhusa, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu kompyuta ile haikuwa yangu. Skripti ikawa inamaliza mstari kwa sekunde tisa. Mistari 300 kwa dakika 45. Muda uliobaki nikawa nasoma makala za utafiti wangu, mkono mmoja kwenye kipanya ili nionekane nipo kazini.

Hapa ndipo lile kundi la "mwizi" liliponishika kwenye pilau. Ndugu yetu wa Bujumbura, anayesoma uchumi, alisema hivi: umelipwa saa nne, umefanya dakika 45, zilizobaki umeziiba. Nami namuuliza, kampuni ilinunua nini? Kama ilinunua mistari 300, imeipata, tena kamili. Kama ilinunua makalio yangu yakae kwenye kiti kwa saa nne, imeyapata pia. Lakini najua jibu hilo lina ujanja ndani yake. Mkataba ulisema saa, na mimi nilijificha. Mtu asiyeona kosa hajifichi. Kwa hiyo hapo nakubali nusu.

Nusu nyingine siikubali. Sisi tumelelewa kuamini kwamba jasho ndiyo ushahidi wa kazi. Ukikutwa umekaa, hata kama shughuli imeisha, utatafutiwa ufagio. Nadhani ndiyo maana wenzetu wengi wanaona kitu kikifanyika kwa urahisi basi lazima kuna mtu ameibiwa. Kwa mhandisi huo ni ugonjwa. Kazi yetu yote tunayoisomea ni kuondoa jasho lisilo na sababu. Mibonyezo 12,000 kila jioni si heshima kwa mtu, ni maumivu ya mikono yanayosubiri siku yake.

Tena kuna tofauti ambayo usiku ule haikutajwa. Juni 2024 magazeti ya fedha yaliripoti kwamba benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa imewafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa kuiga shughuli za kibodi, yaani kuifanya kompyuta ionekane inatumika ili waonekane wako kazini. Kijiprogramu kama changu kinaweza kufanya hivyo pia. Mistari mitatu inatosha kutikisa kipanya kila dakika. Huo ni uongo, nausema bila kumung'unya. Kuingiza mistari 300 iliyo sahihi ni kazi. Kutikisa kipanya ni kumdanganya mtu. Na ukweli ni kwamba mimi, kwa ule mkono mmoja juu ya kipanya, nilikuwa nafanya vyote viwili.

Ngoja niwape na aibu yangu, maana kuna watakaodhani nauza dawa.

Jioni moja ya Novemba, katikati ya mistari, programu ya stoo ikafungua kidirisha cha onyo. Kidogo tu, kinataka ubonyeze sawa. Binadamu angekiona. Skripti haina macho. Iliendelea kubonyeza, kidirisha kikameza vitufe vya mwanzo, na toka hapo kila kitu kikasogea hatua moja: idadi ya kipuri hiki ikaingia kwa kipuri kinachofuata. Mistari 64 ilipita hivyo kabla sijainua macho kwenye makala yangu. Kwa mkono ningekosea mstari mmoja, nikashtuka. Kwa kasi ile nilikosea 64 na sikusikia chochote. Nilirekebisha yote kwa mkono, jioni mbili, kwa muda wangu mwenyewe, na stoo walikuwa wameshatuma kwa wateja bidhaa za mistari minne.

Baada ya hapo niliandika upya. Nikaweka kitufe cha Esc kuwa cha kusimamisha kila kitu papo hapo. Nikaiambia skripti ihakikishe jina la dirisha lililo mbele kabla ya kubonyeza chochote, na likiwa jingine isimame ipige kelele. Mwisho, kabla ya Enter, ikopi namba iliyoandikwa kwenye skrini na kuilinganisha na ile ya Excel. Mstari ukapanda kutoka sekunde tisa mpaka 14, lakini sikukosea tena. Na kila moja ya tahadhari hizo ilitokana na jambo ambalo Mama alikwisha niambia wiki ya kwanza: tazama, subiri, hakikisha.

Lile kosa ndilo lililonifanya nikiri. Nilimfuata msimamizi nikamweleza kila kitu, flashi na yote. Nilitegemea kufukuzwa. Akacheka, akaomba nimwonyeshe, akamwita na mwenzake naye aone. Akaniambia nimefanya jambo zuri. Nikarudi nyumbani natembea kama nimeshinda uchaguzi.

Baada ya wiki mbili ratiba mpya ikabandikwa. Kazi ya kuingiza data imepunguzwa kutoka watu watatu mpaka mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Mpolandi mmoja akahamishiwa stoo. Mama akabakiwa na saa nne kwa wiki, za kufungua barua.

Hakunigombeza. Alivaa koti lake, akafunga kitambaa, akaniambia, "Mwanangu, kompyuta yako haina ada ya kulipa." Akatoka kuwahi basi.

Hapo ndipo lilipo kundi la pili, la "mjinga". Mshikaji wangu wa Nairobi alisema wazi mbele ya wote: wewe boss, ulikuwa na mashine ya kukupa saa tatu za kusoma kila jioni, unalipwa, hakuna anayejua, halafu ukaenda kusema! Ungenyamaza. Saa zako zingebaki, za Mama zingebaki, kampuni isingepoteza kitu.

Kusema ukweli hoja hiyo ilinilaza macho kuliko ile ya wizi. Maana kwa hesabu ya mwezi ule yuko sahihi. Ningenyamaza, Mama angelipa ada ya Januari bila kukopa. Lakini siwezi kuwashauri wenzangu mnyamaze, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiubinafsi tu: sisi tuko hapa kwa viza, na mtu wa viza akikutwa na programu ya siri kwenye kompyuta ya mwajiri hana wa kumtetea. Ile mistari 64 ingegunduliwa na mtu mwingine kabla yangu, nisingekuwa naandika hapa. Ya pili ni kwamba siri yenyewe haidumu. Mimi niliandika skripti kwa wiki mbili za jioni, bila pesa. Kuna makampuni makubwa yanayouza jambo hilohilo kwa maofisi, mashine za kubonyeza vitufe na kusoma skrini badala ya karani. UiPath, iliyoanzia Bucharest mwaka 2005, iliingia soko la hisa la New York mwaka 2021 kwa biashara hiyo. Kama si mimi, angekuja mwuzaji na tai yake. Na huyo asingemjua Mama.

Kosa langu basi si kutengeneza, wala si kusema. Kosa langu ni mpangilio. Nilikwenda kwa msimamizi kabla ya kwenda kwa wale niliokaa nao meza moja. Nilimpa bure kitu ambacho theluthi mbili yake ni maarifa ya mtu mwingine, na sikumtaja hata jina. Laiti ningemwambia Mama kwanza. Yeye angejua la kufanya, maana ndiye aliyekuwa anajua kwamba kila mwisho wa mwezi orodha zinarudi na makosa ya matawi, kwamba kuna kazi ya kuhakiki ambayo haifanywi kwa sababu hakuna muda. Tungekwenda watatu, tukasema: tuna njia ya kumaliza uingizaji kwa saa moja, na saa zinazobaki tutazitumia kuhakiki stoo, je, mnakubali, tuandikishane? Huenda wangekataa. Lakini tungekuwa tunauza, si kugawa. Mwajiri akishapata skripti mkononi huna tena la kuzungumza naye. Ukiwa bado nayo wewe, atakusikiliza.

Ndugu yangu wa uchumi atasema huo ni uzuiaji wa maendeleo. Hapana. Saa zilizookolewa lazima ziende mahali. Kule maabara zilikuja kwangu, na hakuna aliyeumia. Kule ofisini zilikwenda kwa kampuni zote, na mama wa watu wawili akalipia. Programu ni ileile, mistari karibu ileile. Kilichotofautiana ni nani aliulizwa.

Tena naliona hili litatukuta nyumbani, na litatukuta sisi tukiwa upande wa kutoa amri. Wengi wetu tutarudi, tutapewa ofisi. Aliyewahi kukaa ofisi zetu anajua orodha moja inavyoandikwa kwenye daftari, kisha Excel, kisha kwenye mfumo, na karani ni yuleyule. Mhandisi kijana atafika na flashi yake, atamaliza kwa wiki moja kazi ya watu sita, atapigiwa makofi. Mimi nilipigiwa. Yanasikika vizuri sana yale makofi.

Mtauliza nilifanya nini baada ya ratiba ile. Nilimwomba msimamizi tugawane saa zangu na Mama. Akasema anaweza kumpa nne za kwangu, si zaidi. Kwa hiyo mimi nikabaki na 12, Mama akawa na nane, na nikaanza kusahihisha mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale kitivoni kufidia. Mama hakukaa muda mrefu. Machi 2024 alipata kazi ya hesabu kwenye ofisi nyingine, saa nyingi zaidi, na huko nako, akaniambia kwa simu, kuna programu inayotaka kila ankara iandikwe kwa mkono. Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikujua nicheke au nifanyeje.

Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani nitakuwa chumba cha jumuiya na laptop yangu, kuanzia saa nane mchana. Anayetaka kujifunza aje na kazi moja tu inayomchosha mikono, iwe ya tasnifu, iwe ya nyumbani. Ya ofisini msije nayo kabla hamjaongea na mnaofanya nao kazi. Mama amesema atakuja. Ameniambia pia nisiguse kibodi yake: nikae pembeni nimwelekeze, ataandika mwenyewe.